Prosesa mpya kwenye kompyuta ya gemu: Fedha inarudi au inapotea?

MSIMU wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba na malipo ya minada yanapoanza kuingia katika akaunti za wakulima, fedha wilayani Nachingwea huzunguka kwa kasi isiyoonekana katika miezi mingine ya mwaka.

Sehemu kubwa huishia kwenye bati, pikipiki na ada za shule. Ipo pia sehemu ndogo ambayo wazazi wengi hawaifurahii, nayo ni ile inayoishia kwenye kompyuta ya gemu ya kijana wa nyumbani.

Kwa kijana wa kata ya Nambambo, kompyuta hiyo kwa kawaida si ile iliyoundwa kwa ajili ya gemu. Ni kompyuta ya ofisi ya mtumba, aghalabu Dell OptiPlex au HP EliteDesk, iliyofanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuuzwa kwa jumla, kufika Kariakoo jijini Dar es Salaam na hatimaye kupakiwa kwenye basi la kusini.

Mashine hizo ni imara na hazina makuu. Tatizo huanza pale mwenye nayo anapofungua GTA V au gemu ya soka ya miaka ya karibuni na kuona picha zinakwamakwama, magari yakiruka kutoka sehemu moja ya barabara hadi nyingine kama filamu iliyokatwa.

Ushauri anaoupata mara nyingi ni mmoja: badilisha prosesa. Aondoe i5, aweke i7, na mambo yatakuwa safi.

Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Lakini ukitolewa kabla ya mashine kupimwa, unaweza kumfanya mtu atumie fedha ya msimu mzima na kubaki na gemu inayokwama vilevile.

Nachingwea si mahali pageni kwa kosa la aina hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga nchini Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea yakiwa ndiyo maeneo yake. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kusafishia pori, kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Nguvu ilikuwapo, kilichokosekana ni kujua tatizo liko wapi.

Ili kujua tatizo la kompyuta liko wapi, ni lazima kwanza kuelewa jinsi kazi inavyogawanywa ndani yake.

Prosesa, ambayo wataalamu wa lugha huiita kichakataji, ndiyo inayofikiri. Katika gemu ya soka ndiyo inayoamua wachezaji 22 wakimbilie wapi, mpira ugonge mwamba au uingie wavuni, na mwamuzi apulize filimbi lini. Ikishaamua, huiagiza kadi ya picha ichore kila kitu: nyasi, jezi, jasho na mashabiki jukwaani.

Kila mchoro mmoja kamili huitwa fremu. Ili mchezo uonekane laini, kompyuta inatakiwa kutoa fremu zipatazo 60 kwa sekunde, maana yake kila moja iwe imekamilika kabla ya milisekunde 17 kupita.

Anayefahamu ghala la chama cha msingi wakati wa korosho ataelewa mara moja. Karani wa mizani hupima magunia, wapakiaji huyapandisha kwenye lori. Karani akiwa mzito, wapakiaji husimama wakipiga soga. Lakini ikiwa wapakiaji ni wawili tu na magunia yaliyopimwa yamerundikana mlangoni, kuleta karani hodari zaidi hakutaliondoa lori mapema hata kwa dakika moja.

Prosesa ni karani. Kadi ya picha ni wapakiaji. Swali la kwanza, basi, si kama i7 ni bora kuliko i5, kwani hilo halina ubishi. Swali ni nani anayemsubiri mwenzake.

Jibu lake linapatikana bila kutumia hata senti. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupunguza ukubwa wa picha katika mipangilio ya gemu, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, huku mchezaji akitazama idadi ya fremu kwa sekunde. Steam inayo mipangilio ya kuonyesha namba hiyo pembeni mwa kioo.

Picha ikipunguzwa, kazi ya kadi ya picha hupungua sana, ilhali kazi ya prosesa hubaki karibu ileile. Kwa hiyo fremu zikipanda kwa wingi, kwa mfano kutoka 28 hadi 50, aliyekuwa akichelewesha ni kadi ya picha. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayotiliwa shaka.

Njia ya pili ni kufungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati gemu ikiendelea. Kadi ya picha inayofanya kazi kwa asilimia 95 na zaidi muda wote imefika ukomo wake. Ikiwa iko asilimia 50 au 60 huku mchezo ukikwama, inasubiri kitu kingine.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Asilimia ya prosesa inayoonyeshwa ni wastani wa viini vyake vyote. Prosesa yenye nyuzi nane za kazi inaweza kuonyesha asilimia 30 tu, na mwenye nayo akajisemea kwamba inapumzika, kumbe uzi mmoja unaobeba kazi kuu ya gemu umejaa pomoni. Uzi mmoja kati ya minane ni asilimia 12 na nusu tu ya jumla. Ndiyo maana jaribio la kupunguza picha huaminika zaidi kuliko asilimia hiyo.

Chukua mfano wa kijana mwenye Dell OptiPlex 9020 ya mnara mdogo, yenye prosesa ya i5-4570, ramu ya gigabaiti 8 na isiyo na kadi ya picha ya kuchomeka. Anataka i7-4790.

Prosesa ya i5-4570 ilitoka mwaka 2013 ikiwa na viini vinne, kasi yake ikifika gigahezi 3.6. Ile ya i7-4790 ilitoka mwaka 2014, nayo ina viini vinne, lakini kila kimoja hubeba nyuzi mbili za kazi, na kasi hufika gigahezi 4.0. Tofauti ipo, ingawa kwa gemu zisizotumia nyuzi nyingi si kubwa kama majina yanavyodokeza.

Lakini ndani ya prosesa hizo mbili mna kichoraji kilekile kiitwacho HD Graphics 4600. Kijana asiye na kadi ya picha hutegemea hicho. Akinunua i7 atakuwa ameleta karani mpya, wapakiaji wakiwa walewale.

Waundaji wa GTA V wenyewe walitoa ushahidi. Gemu hiyo ilipoingia kwenye kompyuta Aprili 2015, prosesa iliyopendekezwa ilikuwa i5-3470, ya kizazi cha tatu. Mwenye i5-4570 tayari amepita hapo. Kadi iliyopendekezwa ilikuwa GTX 660, na kichoraji cha ndani cha kizazi cha nne hakiifikii hata kidogo. Kwa toleo hilo, anayekwama anakwama kwenye picha.

EA Sports FC 24, iliyotoka mwaka 2023, inadai zaidi: kiwango cha chini ni prosesa ya i5-6600K au Ryzen 5 1600, ramu ya gigabaiti 8 na kadi ya GTX 1050 Ti. Prosesa ya i7-4790 haiko mbali sana na i5-6600K katika kazi halisi, lakini bila kadi ya picha hata prosesa ya mwaka jana haitaokoa jahazi.

Kwa kijana huyo, shilingi ya kwanza iende kwenye kadi ya picha. Na hapo pia hawezi kuchagua apendavyo, kwa sababu pawasaplai ya OptiPlex 9020 ya mnara ina uwezo wa wati 290 tu, na ile ya umbo jembamba wati 255. Kadi zinazofaa ni zile zisizohitaji waya wa ziada wa umeme, kama GTX 1050 Ti au matoleo mengi ya GTX 1650, ambazo hula takriban wati 75. Kwa mashine nyembamba ni lazima itafutwe kadi fupi, la sivyo kifuniko hakifungi.

Kubadilisha pawasaplai si jambo jepesi, kwani Dell waliweka katika mashine hizo plagi ya pini nane ya kwao wenyewe badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Mashine za HP za kizazi hicho nazo zina plagi yake ya pekee. Mafundi huuza waya wa kuunganishia, lakini ni gharama nyingine inayosahaulika wakati wa kupiga hesabu.

Kabla hata ya kadi, yapo mambo matatu ya bei ndogo yanayojifanya kuwa ugonjwa wa prosesa.

La kwanza ni ramu. Kompyuta nyingi za mtumba huja na kipande kimoja cha gigabaiti 4. Vipande viwili vinavyolingana huiwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa anayetegemea kichoraji cha ndani, ambacho huazima ramu hiyohiyo, tofauti huonekana kwa macho.

La pili ni diski. Gemu inayosita kila mchezaji anapoingia mtaa mpya mara nyingi inasubiri diski ya zamani inayozunguka imalize kusoma. Diski ya SSD huondoa kero hiyo.

La tatu ni joto, na kusini hili si la kupuuzwa. Vumbi jekundu la barabara hupenya kila tundu, hujaza mapezi ya kipoza joto, na pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza hicho hukauka baada ya miaka kumi. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji huona gemu nzuri kwa dakika kumi za kwanza, kisha mambo yanaharibika. Brashi, upepo na pesti mpya hurudisha kasi aliyokuwa akienda kuinunua Kariakoo.

Je, ni lini basi prosesa mpya inalipa?

Inalipa waziwazi kwa mwenye i3 ya kizazi cha nne, kama i3-4150, ambaye tayari ana kadi ya GTX 1050 Ti. Prosesa hiyo ina viini viwili tu, na gemu za miaka kumi iliyopita zimeandikwa zikitarajia vinne. Kadi hukaa ikisubiri. Kuhamia i5 au i7 ya kizazi hichohicho, kwenye soketi ileile na bila kubadilisha ramu, huondoa mikwamo kwa kiasi ambacho hata asiye mtaalamu atakiona.

Inaweza pia kulipa kwa mwenye i5 ya kizazi cha nne mwenye kadi nzuri anayetaka toleo jipya la GTA V lililotolewa Machi 2025, kwa kuwa kiwango chake cha chini kinataja i7-4770 pamoja na diski ya SSD. Lakini huyo anapaswa kujua kwamba ananunua tiketi ya kuingia mlangoni, si kiti cha mbele.

Mwenye bahati kuliko wote ni yule ambaye kompyuta yake ni ya AMD yenye soketi ya AM4. Mtu aliyeanza na Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 anaweza, kwenye mazabodi ileile, kuweka Ryzen 5 5600 au hata Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, mradi mazabodi hiyo imetolewa BIOS inayozitambua. Huo ni mruko wa kweli, na watengenezaji wachache wamewahi kuwapa wateja wao nafasi ya namna hiyo.

Intel walikwenda njia nyingine. Vizazi vya pili na vya tatu vinatumia soketi ya 1155, cha nne 1150, cha sita na cha saba 1151. Cha nane na cha tisa navyo vinatumia 1151, lakini haviwaki kwenye mazabodi za cha sita na cha saba. Idadi ya pini ni ileile, prosesa inakaa vizuri, kompyuta haiwaki. Atakayenunua i5-8400 kwa ajili ya mashine yake ya i5-6500 atakuwa amenunua pambo.

Suala hilo la vizazi lina uzito zaidi tangu 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilihitimisha huduma kwa Windows 10, ikiacha mpango wa nyongeza wa masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11, kwa kanuni za Microsoft, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, au Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0.

Maana yake ni kwamba i7-4790, hata iwe na kasi kiasi gani, haimtoi mtu upande huo wa mto. Gemu hazizimiki siku huduma inapokoma, lakini historia ipo: Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8 mnamo 1 Januari 2024, miaka minne baada ya Microsoft kuachana na Windows 7. Mwenye mashine ya kizazi cha nne ana muda, ila ni muda unaohesabika.

Kwa hiyo hesabu ya kweli haiwekwi kati ya i5 na i7. Inawekwa kati ya kuongeza kitu kwenye mashine ya zamani na kuiuza mashine hiyo ili kununua ya kizazi cha nane. Upande wa kwanza ziandikwe bei ya prosesa, pesti, ujira wa fundi, na nauli au gharama ya kifurushi kutoka Dar es Salaam. Upande wa pili iandikwe bei ya kompyuta mpya ya mtumba ukitoa kiasi ambacho ya zamani itauzwa. Jumla ya upande wa kwanza ikizidi nusu ya upande wa pili, busara ni kusubiri minada ya mwakani na kuhama moja kwa moja. Kadi ya picha na diski ya SSD zilizokwishanunuliwa hazipotei. Aghalabu huhamia kwenye mashine mpya pamoja na mwenyewe. Prosesa ya soketi ya 1150 haihami.

Umbali nao una gharama yake. Anayeishi Kinondoni akiuziwa prosesa mbovu hupanda daladala kesho yake na kurudi dukani. Kutoka Nachingwea ni safari ya kutwa, na mvua kubwa za Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, zilikumbusha kwamba hata barabara hiyo ya Lindi hukatika. Prosesa ya mtumba ijaribiwe dukani, kwenye mashine inayowaka, na maelezo ya programu ya CPU-Z yalinganishwe na maandishi yaliyochongwa juu ya prosesa yenyewe.

Limebaki jambo la umeme. Mazabodi iliyotoka kiwandani mwaka 2013 inaweza kuikataa i7-4790 ya mwaka 2014 mpaka BIOS yake ibadilishwe, na kazi hiyo, ingawa ni ya dakika chache, haivumilii umeme kukatika katikati. Ukikatika, mazabodi inaweza kufa papo hapo. Mikoa ya Lindi na Mtwara, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara nje ya gridi ya Taifa, inayajua makatizo hayo vizuri. Fundi asiye na UPS yenye betri nzima asiruhusiwe kuigusa BIOS, hata akisema ameshafanya mara mia.

BIOS hiyo ibadilishwe prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu mpya haitawaka bila hiyo. Wakati wa kuitoa, pini za mazabodi zisiguswe kwa kidole. Katika mashine hizi za Intel pini ziko kwenye soketi, na moja ikipinda mashine nzima inaweza kugoma.

Prosesa ya i5-4570 iliyotolewa isitupwe kwenye droo. Yule mwenye i3 ya kizazi cha nne na kadi ya picha inayosubiri, hata akiwa Ruangwa, soketi yake ni ileile.